Gharama zenye hazina mwezi: kutoka posho ya Union Minière mpaka matairi ya kamiyo yetu



Mu masika ya mwaka huu kamiyo ya ushirika ilisimama pa Kasomeno siku 19. Moteri ilikuwa nzima. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamekwisha mpaka waya ilionekana, na mu kasha hakukuwa feza ya kununua hata moja. Makala, mihogo mikavu na mifuko ya mahindi ya wanachama vilibaki chini ya shitingi. Wengine waliuzia wachuuzi wenye walikuja na gari zao, kwa bei yenye wachuuzi wenyewe walitaka. Papa mumoja alikuwa anangojea feza ya makala yake ili alipe minervali ya mutoto wa sekondari. Mutoto alirudishwa nyumbani, akakaa wiki mbili na kaye zake mukononi.

Mu mukutano wenye ulifuata, kila mutu alisema: "Ile njo bahati mbaya." Nilinyamaza siku ile, lakini neno lilinibakia mu kichwa mpaka usiku. Tairi ya kamiyo yenye kwenda Lubumbashi kila wiki inaisha. Shofere alisema tangu mwezi wa kumi kama zile mbili hazitafika Pasaka. Kuko gharama zenye kuja ghafula kweli, kama moto ao mwizi. Lakini nyingi zenye tunaita za ghafula tulikuwa tunazijua. Shida yao ni kama haziji kila mwezi, kwa hiyo hakuna mwezi wenye tunazihesabu.

Komite iliniomba ukurasa wa historia kama kawaida, juu nilisoma historia ku universite mbele ya kuingia mu kazi hii ya vijijini. Nilikuwa nimetayarisha habari za wavuvi wa Kasenga. Nimebadilisha kidogo: nitaeleza namna watu wa upande wetu walijua kuweka akiba ya vitu vyenye havina mwezi, wakaachishwa kuiweka, na sasa wanalazimishwa kuanza upya. Wavuvi watapata nafasi yao, tena watakuwa wa kwanza.

Mbele ya muji wa Lubumbashi kuwako, mutu wa bonde la Luapula alikuwa anahesabu kwa mwaka. Samaki mpumbu alikuwa anapanda muto wakati wa mvua kwenda kuzaa, na mu siku chache tu watu walivua kupita miezi mingine yote. Wingi ule haungeweza kuliwa wote siku ile. Walikausha, wakabanika juu ya moshi, wakabadilishana na vitu vyenye wao hawakuwa navyo. Na mihogo? Wageni wanafikiri mihogo ni chakula cha masikini. Mihogo ni kasha yenye haina kufuli: unaiacha mu udongo mwaka mumoja, hata miwili, na unaing'oa siku kuko kilio ao wageni. Hakuna mutu aliwafundisha wazee wale neno "bajeti". Walikuwa na samaki wa siku chache na tumbo la mwaka muzima, basi walijifunza.

Reli ilifika Elisabethville mu 1910, na muji ulikuwa na njaa. Wafanyabiashara Wagiriki wakaja kukaa Kasenga, wakawa na mashua, na barafu, na kamiyo zenye zilipeleka samaki mu muji kulisha wafanyakazi wa migodi. Nyavu zikaongezeka. Kisha Vita ya Pili ya Dunia, mpumbu ilipunguka sana, sababu ilikuwa inavuliwa wakati ule ule ilikuwa inapanda kuzaa. Ni kusema watu walikula mbegu. Nasimama hapo, habari ya samaki ingejaza gazeti lote na komite haitanisamehe.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mu 1906. Miaka ya kwanza ilileta wanaume kwa mikataba ya miezi michache, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini na bonde lile la Luapula. Wengi waligonjwa na kufa, wengine walikimbia, na kila mara ilipaswa kutafuta wapya. Karibu na 1928 kompani ilibadilisha njia: mukataba wa miaka mitatu, muke na watoto waje, nyumba mu kampi, hospitali, maternite, masomo, na posho ya kila wiki.

Angalieni vizuri ni nani alikuwa anafanya hesabu sasa. Mutoto akigonjwa, kompani. Paa ikitoboka, kompani. Mutoto akianza masomo, kompani. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka mpaka sanduku ya kuzikia ilikuwa inatoka kwa kompani. Mu wafanyakazi maelfu, kila mwaka wengine watagonjwa, wengine watazaa, wengine watakufa. Wakubwa wa Union Minière hawakujua majina, lakini walijua karibu ni wangapi, na waliweka ile hesabu mu vitabu vyao. Mufanyakazi alibakia na mushahara mudogo wa vitu vidogo. Hakuulizwa kamwe afikirie tairi ya mwaka ujao.

Haikuwa huruma, ao tuseme haikuwa huruma peke yake. Mu Desemba 1941 wafanyakazi waligoma juu ya mushahara, na pa Elisabethville askari waliwapiga risasi, wengi wakakufa. Posho ni kitu kizuri siku ya njaa. Lakini mutu mwenye kulipwa kwa bunga hana cha kuweka kando, na mwenye hana cha kuweka kando hawezi kusema "ninaondoka".

Hata hivyo watu walipata njia yao. Wafanyakazi wenye kulipwa siku moja walikuwa wanapeana: mwezi huu mimi ninakupa sehemu ya mushahara wangu, mwezi ujao wewe unanipa. Sisi tunaita likelemba. Wandugu zetu wa Copperbelt, ngambo ya mupaka, wanaita chilimba. Kwa njia ile mutu alipata feza nyingi mara moja, akanunua kinga ao mashini ya kushona. Mu nyumba nyingi kinga ya kwanza ilinunuliwa na likelemba. Mugongo wa kinga, shambreri na mnyororo, zile zilikuwa habari nyingine, lakini kinga inavumilia kupita kamiyo.

Mu 1967 Serikali ilichukua migodi, na kisha miaka michache jina likawa Gécamines. Bunga iliendelea, hospitali iliendelea. Watu walikuwa wanasema kazi njo baba, njo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi aliandika mu 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, na katika kichwa cha kitabu aliwaita Bana Shaba wenye waliachwa na baba yao. Sijaona jina lenye kusema vizuri zaidi.

Na baba aliacha namna gani? Mu 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Miaka ile ile feza yake nyingi ilikuwa inakwenda Kinshasa, na mitambo ilikuwa inazeeka bila kubadilishwa. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto, wenye ulikuwa nguzo ya kompani yote, uliporomoka chini ya ardhi. Mu miaka mitatu tu Gécamines haikufikisha hata tani 50,000. Kulikuwa sababu zingine pia: uporaji wa 1991, siasa, bei ya dunia. Lakini kompani yenye iliwawekea wengine akiba ya kila kitu, yenyewe haikuachiwa feza ya kutunza mugodi wake. Kila wakati nikisikia shofere wetu akiomba tairi, Kamoto inanirudia mu kichwa.

Kisha yakaja miaka ya mishahara kutolipwa, mwezi juu ya mwezi. Mu 2003, kwa musaada wa feza ya Banque mondiale, Gécamines ilifanya kile chenye kila mutu wa Katanga anaita "Départ volontaire". Zaidi ya wafanyakazi 10,000 walikubali kuondoka, na kila mumoja alipewa feza yake ya mwisho mara moja. Baba aliwapa watoto muzigo wa dola mukononi, akafunga mulango.

Watu wengine wanasimulia habari ile wakicheka, kama vile wazee wale walikuwa wajinga. Mimi sikubali. Wengi walilipa deni za miaka, wakarudisha watoto mu masomo, wakanunua nyumba yenye walikuwa wanakaa. Feza iliisha sababu mashimo yalikuwa mengi kuliko feza. Lakini kuko mambo moja yenye inatuhusu sisi. Wengine walinunua gari, zile zilizotumika zenye kutoka ngambo, zenye usukani wa kuume, ili wafanye taksi. Mu Lubumbashi zinaitwa Dubai. Hesabu yao ilikuwa nzuri mpaka mulango wa muuzaji: bei ya gari, gumruki, makaratasi. Kisha pale, wakahesabu kila jioni feza ya abiria, wakatoa mazutu ao esanse, na kile chenye kilibaki wakakiita faida. Lakini ndani ya ile "faida" kulikuwa kipande cha tairi, kipande cha betri, kipande cha amortisa, kipande cha asiransi ya mwaka ujao. Walikula gari polepole, kila jioni kidogo, bila kujua kama wanaila. Siku gari ilisimama, ilikuwa imekwisha kuliwa zamani.

Na sisi tulifanya vile vile na kamiyo. Kaye ya mutunza feza iko, kila mutu anaweza kuifungua. Mwaka uliopita iliandika "faida" miezi kumi na moja ku miezi kumi na mbili. Feza ile tuligawa, tukasaidia wagonjwa, tukanunua mbegu. Vitu vizuri vyote. Lakini haikuwa faida.

Kuko swali lenye mama mumoja aliniuliza, na lilinishika vizuri: "Feza yenye kulala mu kasha, nani atailinda?" Hakumaanisha wezi. Mutu mwenye umri wake anakumbuka Desemba 25, 1979, wakati Mobutu alitangaza siku ya Noeli kama noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena. Mupaka ulifungwa, siku za kubadilisha zilikuwa chache, na feza yenye mutu angeweza kubadilisha ilikuwa na kipimo. Wale wenye waliweka akiba nyumbani walipoteza kupita wale wenye walikunywa feza yao. Mu 1993 zaire mupya ilikuja: zaire milioni 3 za zamani zikawa moja. Mu 1998 frangi ya Kongo ilikuja: zaire mupya 100,000 zikawa frangi moja. Mutu mwenye alipita mambo yale na bado anapenda kuweka noti chini ya kitanda, huyo ndiye mwenye kustaajabisha. Basi wakati watu wa upande wetu wananunua tofali moja moja, bati moja moja, mbuzi mumoja mumoja, musiseme hawajui kuweka akiba. Wanaweka akiba mu kitu chenye Serikali haiwezi kutangaza kama kimekufa. Nitarudia jambo hili ku mwisho, juu linatusaidia.

Sisi wenye tulirudi kutoka Zambia tuna historia yetu juu ya ile. Wenye walikimbia Pweto mu Desemba 2000 wengi walikaa Mwange ao Kala miaka mingi, mpaka safari za kurudi zilianza mu 2007. Wenye walikimbia mu 2017 walipita Kenani, kisha wakakaa Mantapala, na safari za kurudi upande wa Pweto zilianza mwisho wa 2021. Kampi ya wakimbizi haiko kampi ya Union Minière, na hakuna mutu mu Mwange aliyepewa kazi ya kudumu. Lakini kwa hesabu ya nyumba zinafanana: siku ya chakula inajulikana, dawa iko kliniki, masomo iko karibu, shitingi ikipasuka unaomba ingine. Mama mumoja mwenye alizalia watoto watatu kule aliniambia: "Mu kampi nilikuwa najua siku ya bunga. Siku ya bintu bingine, hapana, haikuwa kazi yangu." Kisha siku ya kurudi unapewa feza ya kurudia, mara moja, sawa vile wazee wa Gécamines. Na unafika mahali pa kuanza nyumba, na masika iko karibu.

Sasa, vyombo vyenye tuko navyo. Likelemba ni nzuri na isiachwe. Lakini zamu yako inakuja tarehe yake, na tairi haingojei zamu yako. Wengi wetu tuko pia mu AVEC, vile vikundi vyenye kasha ya kufuli tatu na funguo mu mikono ya watu watatu. Njia ile ilianzishwa na CARE mu Niger mu 1991, kati ya wanamuke wa vijiji, na imefika mpaka kwetu. AVEC inakopesha, na ku mwisho wa mwaka inagawa. Ni pale kuko tundu: ikigawa mu Desemba, feza ya Desemba inaliwa mu Desemba, na minervali iko Septemba. Mukopo unasaidia siku ya shida, lakini ukikopa kwa ajili ya kitu chenye ulijua kitakuja, unalipa faida juu ya kusahau kwako. Samahani kama neno ni kali. Nimelipa faida ya namna ile mimi mwenyewe, mwaka uliopita, juu ya asiransi ya moto yangu. Tarehe ilikuwa imeandikwa ku karatasi yenye nilikuwa nabeba kila siku mu mufuko.

Tufanye hesabu. Bei zenye naandika hapa ni za mufano, msizipeleke sokoni. Tuseme matairi sita, kila moja dola 150, yanadumu mwezi 18: ni dola 900, ao 50 kwa mwezi. Asiransi na makaratasi dola 240 kwa mwaka: 20 kwa mwezi. Vidanji dola 60 kila miezi miwili: 30. Betri dola 144 kwa miaka miwili: 6. Resori, breki na vitu vyenye hatuwezi kuvitaja majina, tuweke 44. Jumla ni 150 kwa mwezi. Kamiyo yetu ikifanya safari 6 mu mwezi, kila safari inapaswa kuleta dola 25 zenye si za mazutu, si za shofere, si za peyaji, na si za kugawa. Ikibeba mifuko 50, ni nusu dola kwa mufuko. Ile nusu dola ndiyo ilikosekana. Hakuna mutu aliiba. Hatukuiita jina lake tu.

Kwa nyumba ni hesabu ile ile, lakini musigawe kwa miezi 12. Vitabu vyenye vilitoka Ulaya vinagawa kwa mwezi sababu watu wa kule wanalipwa kwa mwezi. Mwanachama wetu anapata kisha mavuno ya mwezi wa ine na wa tano, na anapata siku makala inauzwa. Miezi ya mvua nyingi hapati kitu, na ndiyo miezi ya homa. Basi agawe kwa mufuko. Tuseme nyumba moja ina minervali na nguo za masomo za Septemba dola 120 (primeri ni bure tangu 2019, lakini sekondari hapana), kufunika paa mbele ya mvua 60, dawa za masika 24, feza ya egzamen ya Serikali 36. Ni 240. Kama nyumba ile inauza mifuko 160 ya makala kwa mwaka, kila mufuko unabeba dola moja na nusu yenye imekwisha kuwa na bwana wake. Mutu anaweza kuangalia mufuko wa makala na kusema: mukono huu wa mufuko ni paa. Wazee wa Luapula walikuwa wanaangalia samaki namna ile.

Ndugu wafadhili, neno hili ni lenu. Kamiyo ilitoka kwenu na tunawashukuru kweli. Bila yenyewe mahindi ya Kasomeno yangekuwa yanauzwa nusu bei mpaka leo. Lakini mu makaratasi ya muradi kulikuwa mustari wa kununua, mustari wa kupaka rangi jina lenu ku mulango, na hakukuwa mustari wa tairi. Nafanya kazi hii miaka kadhaa, na nimeona pampu za maji, majenereta na moto zikisimama sababu ya kipande kimoja chenye kingenunuliwa kwa bei ndogo. Kitu kipya kinapigwa foto. Tairi haipigwi foto. Hata Serikali iliona jambo hili kwa barabara: mu 2008 iliunda FONER, mufuko wenye kuchukua sehemu mu bei ya mafuta na peyaji ili barabara zitunzwe kila wakati, hapana kungojea zivunjike kwanza. Wale wenye kupita barabara wanajua ni wapi wazo limefika na wapi halijafika. Wazo lenyewe ni sahihi.

Na gharama zitaongezeka. Kongo na Zambia zina mupango wa barabara ya kulipia kutoka hapa Kasomeno, kupita Kasenga na Chalwe, mpaka Mwenda, na daraja juu ya Luapula. Ni habari nzuri kwa biashara yetu na kwa familia zenye bado ziko pande mbili za muto. Siku itafunguka, peyaji yake itaingia mu kaye kama vile tairi.

Sasa jambo lenye litapigiwa kura. Mu mukutano mukubwa ujao kutakuwa pendekezo la kukubali kamiyo ya pili, yenye mufadhili mumoja ametuahidi. Najua wengi wanaitaka, na vijana wenye wamepata permi wanangojea usukani. Mimi si mwanachama, sina kura, na komite imekubali niandike maoni yangu kwa jina langu. Naomba hivi: tusikubali ya pili mpaka kasha ya kamiyo ya kwanza imepita miezi sita ikipata nusu dola yake kwa kila mufuko bila kuguswa. Ao tumuombe mufadhili, kwa heshima, atupe sehemu ya ile feza mu matairi na piesi. Akikataa, tutajua ni nini alikuwa anataka kutupa.

Watu wawili waliniambia kama nawaletea baridi. Mumoja alisema: "Ukikataa zawadi, ingine haikuyi." Ni kweli kidogo, na nimefikiri juu yake. Lakini kamiyo mbili zenye kusimama chini ya muembe zinakula walinzi wawili.

Juu ya swali la mama, lile la feza yenye kulala: komite imeamua kasha isilale mu noti. Kila mara nusu dola zikifika bei ya tairi moja, tairi inanunuliwa siku ile ile Lubumbashi na inarudi na kamiyo. Isikae miaka, juu kaucho inazeeka na inapasuka, lakini miezi michache haina neno. Ya kwanza imefika wiki iliyopita. Iko mu depo nyuma ya mifuko ya mbolea, imefungwa na mnyororo, tarehe imeandikwa kwa chaki. Funguo iko mu mikono ya watu watatu: mumoja wa Mwange, mumoja wa Mantapala, na mama mumoja mwenye hakukimbia, mwenye alibakia hapa wakati wote. Mwenye kutaka kuiona apite siku ya kazi, asubuhi.